Wasifu wa Kwanza wa Kazi: Nasaha kwa Vijana wa Bunia Ambao Hawajapata Kuajiriwa

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, na kadhalika kila wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, wa ISP, chuo cha ualimu, na wa Chuo Kikuu cha Shalom wanapohitimu, husikika swali lile lile katika vinywa vingi: "Tangazo la kazi linataka CV, nami sijaajiriwa hata siku moja, nitaandika nini?" Huliuliza kijana wa Mudzipela na wa Nyakasanza, huliuliza binti aliyekimbia vita vya Djugu akaishi katika kambi ya Kigonze, na huliuliza mwenye diploma aliyekwisha kukaa nyumbani miaka miwili akingoja riziki, na kwa kuwa jawabu lake halitoshi kutolewa kwa maneno mawili ya kusimama njiani, nimeona ni wajibu kulieleza hapa hatua kwa hatua.

Jawabu kwa ufupi ni hili: andika kazi ulizozitenda, ziwe zililipwa au hazikulipwa, na kila utakaloliandika liwe na shahidi, ama mtu anayeweza kuulizwa, ama karatasi inayoweza kuonyeshwa. Mstari wenye shahidi, hata ukiwa mdogo, humpa msomaji sababu ya kukuamini. Usio na shahidi, hata ukipambwa namna gani, haumpi kitu. Yote yatakayofuata ni matawi ya shina hilo.

## Mjue kwanza atakayeusoma

Matangazo mengi ya kazi mjini kwetu hutoka kwa ONG (mashirika yasiyo ya serikali) za ndani na za nje, miradi ya afya, shule na nyumba za biashara, na masharti yake hufanana: barua ya maombi, CV yenye majina ya watu watatu wa kuulizwa, fotokopi za diploma, fotokopi ya kadi ya mpiga kura, na mara nyingi kadi ya mtafuta kazi inayotolewa na ONEM, ofisi ya taifa ya ajira iliyoundwa mwaka 2002. Basi mfikirie mtu aliyepokea rundo la bahasha kwa ajili ya nafasi moja au mbili, naye hana muda wa kumsoma kila mmoja kwa utulivu. Huyo hutafuta mambo matatu:

1. Je, mwombaji ana sharti lililotajwa katika tangazo: diploma ile, lugha ile, ujuzi ule?
2. Je, amewahi kukabidhiwa jambo, dogo au kubwa, akalitimiza?
3. Nikitaka kupata yakini, nimpigie nani simu?

Mwenye kutafuta hayo hana haja ya habari za maisha yako tangu darasa la kwanza, wala ya majina ya wazazi wako, wala ya hesabu ya ndugu zako, ila tangazo likiyataka. Kwa anayeanza, ukurasa mmoja unatosha, na ukurasa mmoja uliojaa mambo ya kweli una heshima kuliko mitatu iliyovutwa kwa nguvu.

## Usianze kwa kuandika. Anza kwa kukumbuka

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kwenda moja kwa moja kwa mpiga chapa wa mtaani, wakaketi kando yake huku foleni ikingoja nyuma, na kwa haya na haraka wakajibu "hakuna" kwa kila linaloulizwa. Chukua daftari, keti nyumbani jioni mbili au tatu, ukumbuke kila jambo ulilolitenda tangu ulipokuwa katika madarasa ya juu ya sekondari, na kwa kila jambo uandike majibu ya maswali matano: nilifanya nini hasa, wapi, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, kwa kiasi gani, na nani aliyeona.

Pa kutafuta ni hapa:

- Staji. Aliyesomea ualimu akafundisha darasani chini ya uangalizi, aliyesomea uuguzi akashika zamu wodini, aliyesomea biashara akakaa ofisini kupanga majalada, wote hao wana kazi ya kuandika, tena yenye hati.
- Duka, soko na shamba. Kuuza, kuweka daftari la wadeni, kupokea mizigo, kuhesabu magunia, kusimamia vibarua wakati wa mavuno.
- Kanisa, msikiti na vyama vya vijana. Mhazini wa kwaya, katibu wa vijana wa parokia au wa kanisa la CECA 20, mwalimu wa Shule ya Jumapili au wa madrasa, kiongozi wa skauti.
- Likelemba na AVEC, yaani vyama vya kuweka akiba. Aliyeandika kitabu cha chama cha akiba, akahesabu fedha za watu mbele yao na hesabu isipungue, ana ushahidi wa uaminifu kushinda vyeti vingi.
- Afya na hisani. Wa kujitolea katika Msalaba Mwekundu, aliyepita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, aliyesimama kupima joto na kuwanawisha watu mikono siku za Ebola ile ya 2018 hadi 2020.
- Uchaguzi. Aliyetumikia CENI, tume ya uchaguzi, katika uandikishaji wa wapiga kura, au aliyekuwa katika kituo cha kura tarehe 20 Desemba 2023, iwe kama karani, mtazamaji au shahidi wa mgombea.
- Kukusanya takwimu. Aliyeuliza watu maswali kambini au kijijini kwa kutumia programu ya KoboCollect katika simu, hata kwa siku tano tu, ana ujuzi unaotafutwa sana na mashirika.
- Ufundi. Cherehani, uashi, umeme wa jua, kutengeneza simu, kuendesha pikipiki ya abiria.

Najua wapo watakaosema: "Hayo si kazi, hayo kila mtu hufanya." Nami nawajibu kwamba anayeajiri hajui kama wewe uliyafanya, wala hajui ulivyoyafanya, mpaka umwambie, na wengi walioyafanya hawayaandiki, kwa hiyo anayeyaandika kwa bayana hutangulia.

## Mfano mmoja kwa karibu

Tumchukue, kwa mfano, binti aliyemaliza masomo ya biashara, ambaye kwa karibu miaka miwili aliuza katika duka la mama yake mdogo, na ambaye wanakwaya wenzake walimchagua kushika fedha zao. Akiketi kwa mpiga chapa bila kujiandaa, chini ya kichwa cha tajriba ataandikiwa neno moja ambalo limeenea mno katika CV za vijana wetu:

"Expériences: Néant."

Neno hilo, yaani "hakuna", lifuteni, enyi vijana, msiliandike tena, maana mmejishuhudia wenyewe kwamba hamna kitu kabla hamjaulizwa. Binti huyo huyo, baada ya kuyajibu yale maswali matano katika daftari lake, ataandika hivi, kisha atayatia katika Kifaransa:

"Septemba 2022 hadi Juni 2024. Muuzaji na mtunza daftari, duka la vyakula, soko kuu, Bunia. Kupokea malipo kwa faranga na kwa dola. Kuandika daftari la mauzo na la wadeni. Kuhesabu bidhaa kila Jumamosi na kumpa mwenye duka hesabu kwa maandishi."

"Januari 2023 hadi leo. Mhazini wa kwaya ya parokia, waimbaji 34. Kukusanya michango ya kila mwezi, kutoa risiti, kusoma hesabu mbele ya kamati kila miezi mitatu."

Angalieni yaliyomo na yasiyokuwamo. Yamo tarehe, cheo kinachoeleweka, mahali, vitendo na kiasi. Hayamo maneno ya kujisifu, kama "mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza", kwa kuwa hayo huandikwa na kila mtu, mvivu na mwenye bidii kwa pamoja, hata yameishiwa nguvu. Lakini anayesoma kwamba fulani alisoma hesabu mbele ya kamati kila miezi mitatu hufika mwenyewe kwenye neno "mwaminifu" bila kuambiwa.

Liko jambo moja la hadhari katika mfano huu. Duka ni la mama mdogo, na shahidi aliye wa nyumba moja nawe hana uzito, kwa kuwa damu huitetea damu yake. Basi binti huyo asimtaje mama yake mdogo miongoni mwa watu wa kuulizwa. Amtaje mfanyabiashara aliyekuwa akiwaletea mizigo kwa jumla, au kiongozi wa wauzaji wa upande ule wa soko, na kwa upande wa kwaya amtaje mwenyekiti au paroko. Akiulizwa siku ya mahojiano kama duka lilikuwa la jamaa, ajibu kwa uwazi kwamba ndivyo, maana kufanya kazi kwa jamaa si aibu, ila kuficha ndiko kunakozaa shaka.

## Mpangilio wa ukurasa

Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi katika nchi yetu. Kwa hiyo CV huandikwa kwa Kifaransa, isipokuwa tangazo likitaka Kiingereza. Asiyekiweza vema aandike kwanza kwa Kiswahili, ili fikira zake ziwe safi, kisha amwendee mwalimu wa Kifaransa wa shule aliyosoma, amsaidie kuyapitia maneno, wala asimwachie mpiga chapa kazi ya kumtungia. Fuateni utaratibu huu:

1. Jina na anwani. Andika jina, jina la baada (postnom) na jina la ubatizo au la kuitwa kwa mpango ule ule na kwa herufi zile zile zilizo katika kadi ya mpiga kura na diploma. Herufi moja ikigeuka, bahasha yaweza kuwekwa kando. Kama hati zako zenyewe zinapingana, anza kulishughulikia jambo hilo shuleni au katika komuni mapema, usingoje siku ya mkataba. Kisha taja avenyu, kartie na komuni unapokaa.
2. Simu na barua pepe. Weka nambari mbili za mitandao tofauti, kwa kuwa mtandao hupotea, na zote ziwe zinapatikana. Barua pepe iwe na jina lako, si jina la utani.
3. Elimu. Anza na ya karibuni. Taja shule, mahali, sehemu uliyosomea, mwaka, na asilimia uliyopata, kama ilivyo katika hati. Elimu hutangulia tajriba kwa mtu anayeanza, kwa kuwa ndiyo hoja yake yenye nguvu.
4. Tajriba. Staji kwanza, kisha kazi nyingine, kila moja kwa mistari miwili au mitatu kama ulivyoona.
5. Mafunzo mafupi. Semina, huduma ya kwanza, udereva, au mafunzo ya ufundi ya INPP, taasisi ya Serikali iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kuwaandaa watu kwa kazi. Taja mwaka na siku ngapi.
6. Lugha. Kila lugha na kadiri yake: kusema, kusoma, kuandika.
7. Kompyuta. Usiseme "informatique: bien". Sema unaweza kuandika barua katika Word, kutengeneza jedwali na kujumlisha katika Excel, au kujaza dodoso katika simu.
8. Watu wa kuulizwa. Watatu, kila mmoja na cheo chake, mahali anapofanya kazi na nambari ya simu.
9. Kiapo, mahali, tarehe na sahihi. Ni desturi yetu kumaliza kwa kuthibitisha kwa heshima yako kwamba yote uliyoandika ni kweli. Usiliandike tamko hilo kwa mazoea. Soma tena juu, mstari kwa mstari, kisha utie sahihi.

Picha itie tangazo likiitaka tu. Herufi ziwe za namna moja, nyeusi, zisizo na mapambo, na ukurasa uwe na nafasi ya kupumua pembeni.

## Lugha ni mali. Kabila si sifa ya kazi

Vijana wengi wa jimbo letu la Ituri husema lugha nne au tano bila kujua kwamba wana hazina. Mradi unaofanya kazi Mahagi una haja ya mtu anayesema Kialuri. Wa Aru una haja ya Kilugbara, na kwa sababu ya mpaka wa Uganda Kiingereza pia hufaa. Wa Djugu na Irumu una haja ya mtu atakayewasikiliza watu kwa Kilendu, Kihema au Kibira. Na Kiswahili na Kilingala vina kazi yake kila mahali. Basi ziandike zote, na uandike kwa haki: kama waifahamu lugha lakini huisemi kwa ufasaha, sema hivyo.

Ama kuandika kabila, kijiji cha asili na kundi la ukoo, kama zilivyofanya CV nyingi za zamani, nasaha yangu ni kutoyaandika isipokuwa fomu rasmi ikiyataka. Jimbo letu limemwaga damu nyingi mno kwa sababu ya majina hayo, tangu 1999 hadi 2003 na tena tangu mwishoni mwa 2017, hata haifai kijana kumpa msomaji sababu ya kumpenda au kumchukia kabla hajaisoma kazi yake. Acha ustadi wako useme kwanza.

## Miaka iliyokatwa na vita

Wako wanaouliza: "Nilikimbia, nikakaa kambini mwaka mzima na nusu, na shule ikasimama, nitaificha vipi nafasi hiyo?" Usiifiche. Msomaji wa Bunia anaijua historia ya Bunia. Andika mstari mmoja mfupi kwamba masomo yalikatizwa na kuhama kwa sababu ya usalama, pamoja na miezi yake, bila kusimulia mateso. Kisha jiulize kama katika muda ule hukutenda lolote: hukufundisha watoto wa kambi, hukuwa katika kamati ya maji au ya usafi, hukusaidia kuandika orodha za kaya siku za mgawo? Ikiwa ulitenda, hilo nalo ni tajriba, na shahidi wake ni rais wa kambi au mtumishi wa shirika lililokuwapo.

Waliopoteza hati kwa moto au kwa kukimbia wafanye haya:

- Nenda kwenye komuni au polisi ukaombe hati ya kushuhudia kwamba karatasi zimepotea.
- Mtafute mkuu wa shule uliyosoma. Ikiwa shule ilihama pamoja na watu, uliza ilipohamia. Akikosekana, nenda katika ofisi ya elimu ya jimbo, ukiwa na mwaka wa mtihani na jina la shule, na nambari yako ya mtihani ukiikumbuka.
- Katika CV andika masomo kama yalivyokuwa, na katika barua useme kwamba hati ya badala inashughulikiwa.
- Ukiisha kuipata hati yoyote, ipige picha siku hiyo hiyo, ujitumie katika barua pepe yako mwenyewe, ili simu ikipotea nakala ibaki.

## "Nikiongeza kidogo tu, nani atajua?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya juu: watajua. Bunia si mji mkubwa kiasi cha mtu kupotea ndani yake. Anayesoma CV yako huenda alisoma na mkuu wa shule uliyomtaja, au husali na mwenye duka unayedai ulimtumikia, na simu moja humaliza shaka yote. Fauka ya hayo, aliyeandika kwamba anasema Kiingereza "très bien" huulizwa swali la kwanza kwa Kiingereza, na aliyeandika kwamba anaijua Excel huwekwa mbele ya kompyuta.

Uongo unaoonekana zaidi ni huu:

- Kuongeza asilimia za diploma, ilhali fotokopi yake imo katika bahasha ile ile.
- Kununua hati ya staji ambayo hukuifanya. Hiyo ni hati ya kughushi, na kughushi ni kosa la jinai.
- Kurefusha wiki sita za staji zikawa mwaka.
- Kuwataja watu wakubwa wasiokujua, kwa kutumaini kwamba hawatapigiwa simu.

Tena fikirini jambo hili: mtu akigunduliwa mara moja, hukataliwa kazi ile na zile atakazoomba hapo baadaye kwa watu wale wale. Mwenye tajriba ndogo anaweza kungoja na kuongeza. Aliyepoteza uaminifu hana pa kuununua.

## Makosa yanayojirudia

- Kuazima CV ya rafiki katika kompyuta ya mpiga chapa na kubadilisha jina tu. Mara nyingi hubaki nambari ya simu ya yule rafiki, au staji yake.
- CV moja kwa matangazo yote. Tangazo la mlinzi wa ghala na la mwalimu hayataki mistari ile ile itangulie. Soma tangazo mara mbili, pigia mstari masharti, kisha upange upya.
- Kutowaomba idhini mashahidi. Mtu anayepigiwa simu bila kuarifiwa husitasita, na kusitasita kwake huhesabiwa kuwa shaka. Mwendee kwa adabu, umwambie kazi unayoiomba, umkumbushe mliyoyafanya pamoja na mwaka wake.
- Tarehe zisizokutana, kama staji iliyoanza kabla ya masomo yake.
- Kuacha nakala kwa mpiga chapa. Hifadhi yako katika kidude cha kumbukumbu na katika barua pepe, kisha uifute katika kompyuta ya watu.
- Kupeleka siku ya mwisho jioni, umeme ukiwa umekatika na mashine ya fotokopi imesimama. Jiwekee siku mbili za akiba.

## Barua na bahasha

Barua ya maombi haiirudii CV. Iwe na aya tatu fupi: ya kwanza hutaja kazi na nambari ya tangazo, ya pili huchukua mambo mawili ya CV yaliyo karibu zaidi na kazi ile na kuyaeleza kidogo, ya tatu husema uko tayari kuitwa, na shukrani. Mtaje mpokeaji kwa cheo kilichoandikwa katika tangazo. Tangazo likitaka barua ya mkono, andika kwa mkono wako mwenyewe, kalamu moja, bila kufuta.

Juu ya bahasha andika kama ulivyoagizwa, wala usiongeze. Ikiwa unapeleka kwa barua pepe, nyaraka ziwe katika faili zenye jina lako, na kichwa cha ujumbe kiwe kile kile kilichoombwa. Unapoipeleka kwa mkono, tia sahihi katika daftari la wapokeaji, na uweke kumbukumbu ya tarehe.

## Hadhari: kazi hainunuliwi

Mashirika mengi huandika wazi katika matangazo yao kwamba hayatozi fedha katika hatua yoyote. Kwa hiyo anayekuomba pesa ya "faili", ya "mafunzo" au ya "kufungua mlango" ni mwizi, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo, na anayetaka fungu la mshahara wako wa kwanza hana tofauti naye.

Na kwa mabinti nasema neno zito zaidi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021, ikaeleza kwamba wakati wa vita dhidi ya Ebola katika Kivu Kaskazini na hapa Ituri wako wanawake walioahidiwa kazi, au waliotishwa kunyang'anywa kazi, ili watoe miili yao. Jambo hilo lilitokea kwa watu wetu, na anayelitaka leo kwako anatenda dhuluma ile ile. Usiende kwenye mahojiano nyumbani kwa mtu wala hotelini usiku. Mwambie mtu wako unakokwenda. Hifadhi ujumbe ulioandikiwa. Na ulipeleke shauri lako kwa ofisi ya malalamiko ya shirika lenyewe, na kwa mama au kiongozi unayemwamini. Aibu ni ya anayedai haramu, si yako.

## "Lakini kazi hutolewa kwa jamaa"

Pingamizi hili nimelisikia mara nyingi, wala siwezi kulikana: upendeleo upo, nao huwavunja moyo watu wenye haki. Walakini yako mambo mawili. Kwanza, si kila mlango umefungwa. Shule inayotafuta mwalimu wa hisabati na mradi unaotafuta watu ishirini wa kukusanya takwimu kwa juma moja havina jamaa wa kutosha wenye sifa hizo. Pili, hata yule anayekujua hawezi kukusemea pasipo kitu mkononi. Akiwa na ukurasa wako safi, wenye kazi na mashahidi, anaweza kukutaja bila haya. Usipoandika, umeuthibitisha upendeleo kwa mikono yako mwenyewe.

## La kufanya juma hili

1. Jumatatu na Jumanne: jaza daftari kwa yale maswali matano.
2. Jumatano: waendee mashahidi watatu wasio wa ukoo wako, uombe idhini na nambari zao za simu.
3. Alhamisi: andika ukurasa, kisha mpe mwalimu wa Kifaransa aupitie.
4. Ijumaa: pitia majina na tarehe ukiwa na kadi ya mpiga kura na diploma mezani, kisha uupeleke ukapigwe chapa.
5. Juma lijalo: jiandikishe ONEM kama hujajiandikisha, na uanze kusoma matangazo.

Na usipoitwa mara ya kwanza, wala ya tano, usikae na karatasi ile ile. Kila miezi mitatu itazame, ujiulize: ni mstari gani mpya nimeustahili? Jitolee katika kampeni ya chanjo, fundisha watoto wa mtaa kusoma, shika kitabu cha likelemba, omba staji ya mwezi mmoja. Na kila ukimaliza jambo, omba hati kabla hujaondoka, maana aliyekuona leo mwakani huenda amehamishwa. Kijana afanyaye hivyo kwa mwaka mmoja atakuwa na ukurasa ambao hakuna mpiga chapa awezaye kumtungia, na kila mstari wake utakuwa na mtu wa kuusimamia. Anza na mmoja: mtaje leo katika daftari lako mtu wa kwanza aliyekuona ukifanya kazi, na kesho umwendee.